Antonie van Leeuwenhoek: Muuza Vitambaa Aliyeziona Seli Zikiwa Hai



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa vikubwa na vidogo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, ukurasa wa wasifu huwa ni wa maisha ya maulamaa wetu. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa Muislamu, hakuwa mwanachuoni, na hata masomo yake ya skuli yalikuwa mafupi. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, muuza vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwanafunzi wetu anayesoma biolojia skuli huanza na seli, na mtu huyu ni katika watu wa mwanzo kabisa kuziona seli zikiwa hai. Pili, maisha yake yana masuala mawili ambayo sisi watu wa chuo yanatugusa: mtu akiona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona, ataaminiwa vipi? Na akishaaminiwa, ana haki ya kuifunga njia aliyopitia?

Leeuwenhoek alizaliwa Delft mwezi wa Oktoba mwaka 1632. Baba yake alikuwa msusi wa vikapu, naye alifariki mtoto akiwa na miaka 5 tu. Yatima huyu alipelekwa skuli nje ya mji, kisha akakaa kwa jamaa, na alipofika miaka 16 akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Chuo kikuu hakukanyaga. Kilatini hakujua, na katika Ulaya ya zama zile mtu asiyejua Kilatini alikuwa kama mtu wa kwetu anayetaka aitwe shekhe na Kiarabu hakijui: watu wa elimu hawakumhesabu. Lugha aliyokuwa nayo ni moja, Kiholanzi, na alikiandika vile vile alivyokisema.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akaoa na kufungua duka lake. Mkewe Barbara alimzalia watoto 5, wanne wakafa wangali wadogo, akabaki binti mmoja, Maria. Mwaka 1666 Barbara naye akafariki. Alioa tena, na mke wa pili pia alimtangulia. Maria hakuolewa, alikaa na babake mpaka siku ya mwisho, na habari yake tutaikuta mbele. Mwaka 1660 baraza la mji lilikuwa limempa kazi ya kutunza ukumbi wake, kazi yenye mshahara wa uhakika na nafasi nyingi, na mwaka 1669 akapata cheti cha upimaji ardhi. Basi alikuwa mtu wa hesabu na vipimo, na muda alikuwa nao.

Hadubini aliipataje? Wauza vitambaa wa wakati ule walikuwa na kioo kidogo cha kukuzia. Walikiweka juu ya kitambaa wakahesabu nyuzi, wapate kujua kitambaa ni madhubuti au ni hafifu kabla ya kutaja bei. Wengi hudhani Leeuwenhoek ndiye aliyebuni hadubini, na sivyo. Hadubini za lenzi mbili zilikuwepo kabla hajazaliwa. Na elimu ya mwanga iliyo nyuma ya lenzi ilikuwa imeshughulikiwa karne nyingi kabla yake na Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Cairo yapata mwaka 1040. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini na kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Hatusemi kuwa Leeuwenhoek alikisoma. Asingeweza, kwa ajili ya hiyo lugha. Tunasema tu kwamba kile kioo cha dukani kilikuwa na nasaba ndefu, na katika nasaba hiyo wamo watu wetu.

Alichofanya Leeuwenhoek ni kuacha lenzi mbili na kushika moja. Hadubini za lenzi mbili za siku zile zilitia ukungu na rangi za upinde wa mvua pembezoni mwa kila kitu. Yeye alitengeneza lenzi moja tu, ndogo kuliko punje ya mtama, karibu kuwa mviringo kabisa, akaibana katikati ya vibati viwili vya shaba au fedha vilivyotobolewa tundu. Chombo kizima kiliweza kufichwa kiganjani. Nyuma ya tundu alisimamisha sindano, na kwenye ncha ya sindano akabandika kile anachotaka kukitazama. Palikuwa na skurubu za kukisogeza juu, chini, mbele na nyuma. Mtu alikileta chombo jichoni, karibu kugusa kope, akaelekea dirishani kwenye mwanga. Kazi hii inachosha macho na shingo. Katika hadubini zake chache zilizosalia, iliyo kali zaidi, iliyohifadhiwa Utrecht, inakuza kitu takriban mara 270. Hadubini nyingi za wenzake hazikukaribia hapo.

Mwaka 1673 tabibu mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba kuna mtu mjini kwake anayetengeneza hadubini bora. Jumuiya hiyo, iliyoundwa mwaka 1660, ilikuwa baraza la wataalamu wakubwa, na ilikuwa na jarida la kuchapisha habari zao. Leeuwenhoek akatuma barua yake ya kwanza, juu ya ukungu unaoota kwenye vyakula, viungo vya nyuki, na chawa. Hakuacha kuandika tena kwa miaka 50.

Katika mwaka 1674 aliona mambo mawili ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha habari hii. Karibu na Delft palikuwa na ziwa, Berkelse Mere, ambalo maji yake kila kiangazi yaligeuka meupe na kujaa mawingu mawingu ya kijani. Wakulima wa hapo walisema ni umande. Leeuwenhoek akachota maji kwenye chupa, kesho yake akayatazama. Aliona nyuzi za kijani zilizozunguka kwa mpango kama hina iliyochorwa na fundi, na kati ya nyuzi hizo viumbe vidogo vingi vikienda mbio, vikipinda, vikigeuka.

La pili ni damu. Wengine wawili watatu walikuwa wameshadokeza habari ya chembe za damu, lakini yeye ndiye aliyezieleza kwa uwazi na kuzipima. Alijitoboa, akatazama damu yake mwenyewe, akakuta kwamba wekundu wote ule ni chembe ndogo zinazoelea katika maji yasiyo na rangi. Hakuwa na kipimo kidogo cha kutosha, akazilinganisha na punje ya mchanga laini. Hesabu yake ilikaribia sana ya leo: chembe moja nyekundu ina upana wa sehemu 7 hadi 8 za elfu za milimita. Baadaye, katika damu ya samaki, aliona chembe zenye umbo la yai, na ndani yake akachora doa ambalo wanafunzi wetu leo wanaliita kiini cha seli.

Hapa tusimame kidogo, kwa faida ya wanafunzi wadogo na wazazi ambao hawakulisoma somo hili. Jina lenyewe la seli lilitolewa na mtu mwingine, Robert Hooke wa London, katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665. Alikata kipande chembamba cha gome la mti linalotumika kuzibia chupa, akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vyumba vidogo. Hooke aliona kuta tu. Wenye nyumba walikuwa wameshakufa zamani. Leeuwenhoek ndiye aliyewaona wenye nyumba.

Na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochanganya katika mtihani, kwa hiyo tulieleze sawasawa. Ukuta wa seli ni kitu kimoja na utando wa seli ni kitu kingine. Ukuta ni mgumu. Unapatikana kwenye mimea, ukungu na bakteria wengi, na seli za mwili wa binadamu na wanyama hazina. Utando kila seli hai inao, ya mti, ya samaki, ya bakteria, ya mtu. Ni mwembamba mno, unene wake ni karibu sehemu 7 au 8 za milioni za milimita, hata ukizipanga tando 10,000 moja juu ya nyingine hazijafikia unene wa karatasi hii unayoisoma. Umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Basi vichwa vinaelekea nje na ndani kwenye maji, na mikia inafichana katikati. Hakuna anayezishona, zenyewe hujipanga hivyo zikitiwa majini. Katikati ya mafuta hayo zimepandwa protini, nyingine ni milango, nyingine pampu, nyingine ni kama mabawabu wa kupokea habari kutoka nje. Maji hupita, hewa ya oksijeni hupita, chumvi na sukari hazipiti ila kwa mlango wake.

Utando huu ukichezewa, seli inakufa. Chembe nyekundu ya damu ukiitia katika maji matupu, maji huingia ndani kwa wingi, utando ukavimba na kupasuka. Ndiyo maana mgonjwa hospitali hatiwi maji ya kisima kwenye mshipa. Dripu ya kawaida ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, ili nje na ndani ya seli pawe na mizani. Mzazi aliyekesha kando ya kitanda cha mtoto akihesabu matone ya dripu alikuwa akiulinda utando huu bila kuujua.

Leeuwenhoek hakuuona utando. Hakuna aliyeweza kuuona kwa mwanga wa kawaida, si kwa lenzi yake wala kwa lenzi yoyote, kwa kuwa ni mwembamba kuliko mwanga wenyewe unavyoweza kuonyesha. Alichoona ni mpaka: kwamba chembe ya damu ina mwisho, haiyeyuki ndani ya maji yanayoizunguka, inapinda inapobanwa katika mshipa mwembamba na kurudi umbo lake inapotoka.

Tumetaja mishipa. Wanafunzi wanaosoma fiqhi ya Imamu Shafii watapenda kujua kwamba Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Cairo mwaka 1288, naye alikuwa mwanafiqhi wa madhehebu haya haya, na ndiye aliyeandika kwamba damu hutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine kwa kupitia mapafuni, na kwamba lazima pawe na njia ndogo kati ya mishipa ya aina mbili. Njia hizo hakuwa na chombo cha kuzionea. Malpighi wa Italia akaziona katika pafu la chura mwaka 1661, na Leeuwenhoek mwaka 1688 akaona, katika mkia wa kiluwiluwi, chembe za damu zikipita humo moja moja.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1676, kwenye mtihani wake mkubwa. Alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha. Alidhani labda chembe zake zina miba. Akailoweka katika maji, akaiacha karibu wiki tatu, na mwezi wa Aprili akatazama. Miba hakuiona. Aliona viumbe wengi mno wakiogelea, wa aina mbalimbali, na baadhi yao wadogo kupita chochote alichowahi kukiona. Tunavyofahamu leo, hao wadogo zaidi walikuwa bakteria, na huyu ndiye mtu wa kwanza tunayemjua kuwaona. Mwezi wa Oktoba akaandika barua ndefu kwenda London, akitaja hesabu zake, kwamba katika tone moja wamo maelfu kwa maelfu.

Hawakumwamini. Na tuwe waadilifu, wangemwamini vipi? Muuza duka, hana Kilatini, yuko ng'ambo ya bahari, anasema tone la maji lina wakazi wengi kuliko mji. Tena hataki kueleza namna anavyotazama. Wanafunzi wa somo la hadithi wameshafika mbali na mawazo yao: hii ni habari ghariib, mpokezi wake ni mmoja tu. Na mnavyofundishwa, habari haitupwi kwa ughariib wake peke yake; anatazamwa mpokezi, uaminifu wake na kumbukumbu yake, na inatafutwa njia nyingine ya kuiunga mkono. Ndivyo walivyofanya watu wa London, pasina kuyajua majina haya. Kwanza Leeuwenhoek aliwatumia shahada za watu 8 wenye kuheshimika, makasisi miongoni mwao, waliokuja kutazama kwa macho yao na kutia saini. Pili, Jumuiya ikataka wataalamu wake wenyewe wajaribu. Nehemiah Grew alijaribu, hakupata kitu. Wakampa Hooke, yule wa vijumba. Hooke naye mwanzo hakuona. Akaloweka pilipili tena, akasubiri, akatengeneza chombo kikali zaidi, na tarehe 15 Novemba 1677, mbele ya wanachama, viumbe wakaonekana.

Sisi tunaona hii ndiyo saa nzuri kuliko zote katika habari hii, na sifa yake hatumpi Leeuwenhoek peke yake. Hooke alikuwa mtu maarufu, na kumkanusha muuza duka kusingemgharimu chochote. Alikuwa mtu mgomvi pia, kwa mengine. Lakini katika hili alirudia jaribio mpaka haki ikadhihiri, akaitangaza. Mwaka 1680 Leeuwenhoek alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya. Mkutano wake hakuhudhuria hata mmoja.

Barua ya mwaka 1683 tunaipenda kwa sababu yetu. Alikuwa na miaka karibu 51, na meno yake aliyatunza: kila asubuhi aliyasugua kwa chumvi, akasukutua, akatumia kijiti na kitambaa. Juu ya hivyo, katikati ya magego palibaki ukoga mweupe. Akauchanganya na maji ya mvua yasiyo na kitu, akautazama, akakuta umejaa viumbe wakienda mbio kama samaki, wengine wakizunguka kama pia. Alitazama pia ukoga wa mzee mmoja ambaye maishani mwake hakuwahi kusafisha kinywa, na humo hali ilikuwa ya kutisha. Akakadiria kwamba kinywani mwake yeye mwenyewe, msafi, wamo viumbe wengi kuliko watu wa Uholanzi nzima. Alijaribu siki, akaona inawaua waliokuwa nje lakini haipenyi ndani ya ukoga. Miaka mingine, akiwa mpenzi wa kahawa ya moto, aligundua kuwa baada ya kuinywa hawaoni wanaotembea katika meno ya mbele. Watoto wetu wanaohimizwa mswaki kila udhu na kila Sala, kwa sunna ya Mtume wetu (S.A.W.), hawahitaji barua ya Mholanzi ili waushike. Ila ni vizuri wajue ukoga ni kitu gani: ni mji wa seli, kila moja na utando wake, na zinashikana hata maji peke yake hayaziondoi. Kijiti ndicho kinachoubomoa.

Aliandika mengi zaidi. Alionyesha kwamba viroboto na fukusi wa nafaka hutokana na mayai ya wenzao, wala hawazaliwi na vumbi au ngano iliyooza kama watu walivyodhani. Alizieleza pia, kwa haya na kwa kumwachia rais wa Jumuiya aamue kama zichapishwe au la, chembe zenye mikia katika mbegu ya mwanamume. Katika hili macho yake yalikuwa sahihi na akili yake ikakosea: alishikilia kuwa kiumbe chote kimo humo, na mama ni wa kukilisha tu. Leo inajulikana kuwa seli ni mbili, ya baba na ya mama, na urithi wa mtoto hutoka kwa wote wawili.

Sifa zikaenea, na wageni wakajaa mlangoni. Mwaka 1698 Peter, mfalme wa Urusi, alipita Delft kwa mashua akamwita, naye akamwonyesha damu ikitembea katika mkia wa mkunga. Wageni aliwaonyesha, naam, lakini kwa hadubini za kawaida. Zile kali kabisa, na namna yake ya kutazama viumbe wadogo zaidi, aliziweka mwenyewe. Hakuuza hata moja, hakuazima, hakufundisha.

Mwaka 1715 Leibniz, mwanafalsafa mkubwa wa Kijerumani, alimtaka afungue darasa awafundishe vijana kazi ya lenzi. Leeuwenhoek alikataa. Alijibu kwamba huko Leiden wamekuwapo wasaga lenzi waliowafundisha wanafunzi wa chuo kikuu na hapakutoka kitu, kwa kuwa wengi husoma kwa ajili ya pesa au jina, na kwamba katika watu elfu hata mmoja hafai kwa kazi hii, maana inakula muda na mali na fikra ya mtu haipumziki.

Tumeijadili sana jawabu hii. Upo ukweli ndani yake, na mwalimu yeyote wa chuo anawajua wanafunzi wa aina hiyo. Alikuwa na uchungu pia, kwa kuwa alikejeliwa na waliosoma. Lakini hatuwezi kumtetea. Mafundisho ya dini yetu juu ya kuficha elimu ni mazito, na kila mwanafunzi ameyasikia. Mwalimu hajui nani katika wale elfu ndiye mmoja. Hujua baada ya kuwafundisha wote. Mtu huyu, ambaye habari yake ilisimama kwa sababu wengine waliweza kuirudia, ndiye aliyewanyima wengine njia nyepesi ya kuirudia.

Alifariki Delft tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na miaka 90, akazikwa katika kanisa la zamani la mji. Hata maradhi yake ya mwisho, mtikisiko wa misuli iliyo chini ya mapafu, aliyaeleza kwa maandishi. Aliiusia Jumuiya kabati la hadubini 26 za fedha, na Maria akalipeleka London kama alivyoagizwa. Katika karne ya 19 hadubini hizo zilipotea, na mpaka leo hazijulikani zilipo. Maria alimjengea babake ukumbusho kanisani, akafariki mwaka 1745, na miaka miwili baadaye mamia ya hadubini zilizobaki nyumbani zikauzwa mnadani. Nyingi zilikuwa za shaba na fedha. Bila shaka zipo zilizoyeyushwa kwa ajili ya madini yake. Zilizosalia duniani hazizidi sana 10.

Baada yake, kwa zaidi ya miaka 100, ni wachache mno waliowaona wale wadogo zaidi aliowaona, na hakuna aliyewafuatilia kama yeye. Hatusemi kwamba siri yake ndiyo sababu pekee. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwahusisha viumbe hao na maradhi. Hata hivyo ni hesabu inayouma. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1869 na 1870, kikaua maelfu ya watu, hapakuwa na tabibu aliyeweza kuwaonyesha wenyeji kiumbe kilichomo majini, na barua ya maji ya pilipili ilikuwa imeshatimiza karibu miaka 200. Robert Koch alikithibitisha kiumbe hicho mwaka 1883 na 1884.

Seli zenyewe zilipata nadharia yake mwaka 1838 na 1839, Wajerumani Schleiden na Schwann waliposema kwamba mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Na utando ulikuja kujulikana karibu na nyumbani kwa Leeuwenhoek. Mwaka 1925 huko Leiden, kama kilomita 20 kutoka Delft, Gorter na Grendel walichukua chembe nyekundu za damu, zile zile alizozipima yeye, za watu na za wanyama, wakayatoa mafuta yake na kuyatandaza juu ya maji. Eneo lilikuwa mara mbili ya eneo la nje la chembe hizo. Wakakata shauri kuwa utando una tabaka mbili. Ya kuchekesha ni kwamba walikosea mahala pawili: mafuta hawakuyatoa yote, na eneo la chembe walilipunja. Makosa hayo mawili yakafutana, na jibu likatoka sahihi. Miaka ya 1950, hadubini za elektroni zikauonyesha utando wenyewe, mistari miwili myeusi na weupe katikati.

Imebaki siri yake. Vibati vya hadubini zake vimebanwa kwa misumari na hakuna mwenye ujasiri wa kuvifungua, kwa hiyo kwa miaka 300 watu walibishana namna alivyozitengeneza lenzi: alizisaga, alizipuliza, au alikuwa na ufundi ambao haujulikani? Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walitangaza kwamba wameipitisha miale ya nyutroni katika ile hadubini kali ya Utrecht, huko huko Delft, wakaiona lenzi pasina kuigusa. Ni kijitone cha kioo kilichoyeyushwa kwenye moto, na alama ya kikonyo kilichokatwa bado ipo. Njia hiyo ya kuyeyusha uzi wa kioo mpaka ncha yake ijikusanye kuwa tone ilikuwa imeshaelezwa wazi, kwa kila mwenye kusoma, na Robert Hooke katika dibaji ya Micrographia mwaka 1665, miaka 8 kabla Leeuwenhoek hajaandika barua yake ya kwanza.

Wallahu a'lam.